Mekatilili wa Menza: Mathe wa Kigiriama Aliyefanya Gava ya Mzungu Ibebe Baruti Ikalipue Msitu

Kama umewahi kupanda matatu Mtwapa ukashukia Malindi, hii kitu umeiona hata kama macho yalikuwa kwa simu. Mahali palikuwa na kichaka na mibuyu, sai pamezungushwa mabati. Kuna ubao umechorwa nyumba nyeupe, minazi miwili ya urembo na namba ya kupiga ukitaka ploti. Kando ya barabara wazee wamesimama wanaulizana nani aliuza, lini, na kwa nani. Kesho vijana wanaandamana, keshokutwa makarao wanaletwa, na wiki ikiisha sisi wote tushahamia stori ingine.

Sasa tulia nikupigie ya mwenye alipigana hii vita Pwani kabla babu yako hajazaliwa. Hakuwa na simu, hakuwa na wakili, na darasani hakuwahi kukanyaga. Alikuwa mjane, mathe wa watu wazima, na silaha yake kubwa ilikuwa ngoma ya matanga. Gava ya Mwingereza ilimwogopa hadi ikamtupa Kisii, na hiyo haikuipa usingizi.

Jina unalijua: Mekatilili wa Menza. Labda ulikutana naye 9 Agosti 2020, siku Google iliweka mchoro wake pale juu ya kutafutia. Ama ni ile clip ya miaka na miaka ya mathe aliyemchapa mzungu kofi. Kofi iko sawa, tutaifikia. Lakini ukibaki na kofi peke yake umekosa stori yenyewe, kwa sababu katikati ya haya mambo yote kulikuwa na msitu.

Alizaliwa akiitwa Mnyazi wa Menza, katikati ya karne ya 19, mahali panaitwa Mutsara wa Tsatsu, pande za Ganze huko ndani ya Kilifi. Familia haikuwa na ganji. Watoto walikuwa watano na yeye ndiye msichana pekee. Wagiriama wanasimulia kwamba ndugu yake mmoja alinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa, akapelekwa, na hakurudi tena. Shika hiyo mahali, tutairudia.

Akaolewa, akazaa, na kifungua mimba akaitwa Katilili. Kwa Kigiriama ile Me ya mbele ni mama wa fulani, kwa hivyo Mekatilili ni Mama Katilili, vile tu mtaani kwenu kuna Mama Brayo ambaye jina lake la kitambulisho hulijui. Baadaye mume akafariki. Usimhurumie haraka sana. Katika mila za wakati huo, mwanamke mjane wa umri wake alikuwa na nafasi ambayo dem wa miaka 20 hangepata: angesimama mbele ya wazee akaongea, na hakuna mume wa kumwambia arudi nyumbani.

Sasa twende msituni, maana bila hapo hutaelewa kitu.

Wamijikenda wako makabila tisa, na wazee wanasema walitoka Singwaya, huko kaskazini, wakifukuzwa na maadui. Walipofika hizi pande walijificha kwa vilima vyenye miti mikubwa, wakajenga miji katikati ya msitu. Mji wa hivyo ndio kaya. Ya Wagiriama inaitwa Kaya Fungo, na iko hadi leo pande za Kaloleni. Ukiingia kaya unapita njia nyembamba na malango, na ndani kabisa kuna uwanja. Mahali fulani chini ya udongo kumezikwa fingo, ile dawa ya kulinda watu wote, na si kila mtu anaambiwa iko wapi.

Kufikia wakati Mekatilili anakua, watu wengi walikuwa wametoka kaya wakaenda kutafuta mashamba. Waliobaki pale ni wazee wachache. Lakini kila kitu kizito bado kilirudi pale: kesi, kiapo, maombi ya mvua, mazishi ya wakubwa. Chukua bunge, mahakama, kanisa na makaburi, weka chini ya miti ya miaka mia kadhaa, hiyo ndio kaya. Na ilikuwa na sheria kali kushinda zile za bustani ya kaunti. Hukati mti. Hulishi mbuzi. Hutoki na kuni hata kama zimeanguka zenyewe. Ukivunja unalipa mnyama, na wazee wanakutakasa kwanza ndio maisha yaendelee. Ndio maana kote kuzunguka watu walipofyeka kulima mahindi, vile vilima vilibaki na msitu wake. Wataalamu wa mimea walikuja baadaye sana na kukuta humo miti adimu ambayo ni shida kuipata kwingine Kenya. Wazee hawakuwa wanashangaa.

Haya, Mwingereza akafika. Gava yake ilichukua Pwani mwaka wa 1895, lakini kwa miaka mingi Wagiriama hawakuiskia sana. Walikuwa wametulia. Walikuwa wamesambaa hadi Mto Sabaki, ule unaomwaga maji mekundu baharini karibu na Malindi, na wengine wakavuka upande wa kaskazini. Ardhi ya huko ilikuwa moto. Walivuna mahindi, wakauzia wafanyabiashara wa Pwani, nafaka ikasafirishwa kwa majahazi kutoka Malindi. Hawa si watu walikuwa wanangoja msaada wa mtu.

Na hapo ndipo shida ilianzia. Wazungu walikuwa wamefungua mashamba makubwa ya mpira na pamba na walitaka wafanyakazi. Lakini niambie, msee mwenye ghala lake limejaa mahindi ataamkaje alfajiri akamlimie mtu mwingine kwa senti? Gava ikapiga hesabu. Weka kodi ya nyumba, ili kila mtu ahitaji pesa taslimu. Dai vijana wa kazi. Na ile ardhi poa ya kaskazini ya Sabaki, watu watolewe. Mwaka wa 1912 ikamtuma ofisa kijana, Arthur Champion, akae kwa Wagiriama ahesabu nyumba, akusanye kodi na kutafuta vijana. Ikachagua pia wazee fulani na kuwafanya machifu wa kulipwa, na hao watu wa kwao hawakuwatambua.

Mekatilili alipoona vijana wanatakiwa kupelekwa mbali na makwao, yeye hakuona ajira. Aliona ndugu yake. Mtu anakuja kwa boma lako, anachagua kijana mwenye nguvu, anaondoka naye. Wewe ungeita hiyo nini?

Mwaka wa 1913 akaanza kutembea. Na hapa ndipo mathe alionyesha kichwa. Angeitisha mkutano wa siasa, machifu wangepeleka ripoti mapema na ungevunjwa. Kwa hivyo yeye alicheza kifudu. Kifudu ni ngoma ya matanga, ngoma nzito, inaita watu kama sumaku. Alikuwa anaingia kijiji anaanza kucheza, watu wanafuata, anaenda kijiji kingine na umati nyuma yake. Wakishajaa ndio anaongea. Mapromota wa sai wanalipa mamilioni kwa hiyo kitu. Kando yake alikuwa mzee Wanje wa Mwadorikola, mtu wa kuheshimika sana, na hao wawili ndio walikuwa injini.

Na walipeleka watu wapi? Kaya Fungo. Mkutano mkubwa, wanaume kwa wanawake, ndani ya msitu. Pale wakaapa. Wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala cha fisi, na hivyo si viapo vya mchezo. Ukikiuka unajua kifo kinakutafuta. Waliapa kwamba hakuna kutoa kodi, hakuna kutoa vijana, na machifu wa gava hakuna wa kuwapa hata maji. Kwa muda mfupi kazi ya Champion ikakwama kabisa. Alikuwa anaita mikutano na watu hawaji. Machifu wenyewe waliogopa kuonekana naye.

Sasa ile kofi. Agosti 1913 Champion aliitisha baraza kutafuta vijana, na simulizi za Wagiriama zinasema Mekatilili alikuja amebeba kuku na vifaranga vyake. Akamtaka mzungu achukue kifaranga kimoja. Champion akanyoosha mkono, kuku akamdona vibaya. Mathe akamwonyesha kwamba ndivyo itakavyokuwa akijaribu kuchukua mtoto wa Mgiriama. Wengine wanaongeza kwamba Champion kwa hasira akampiga kuku risasi, na mathe akamlipa kofi mbele ya watu wote. Ofisa wa gava ya Mfalme, kofi, na mathe wa Ganze! Hiyo ndio sehemu inasimuliwa hadi leo, na sikulaumu ukiipenda.

Tarehe 17 Oktoba 1913 akashikwa pamoja na Wanje. Wakapelekwa Kisii, upande mwingine wa nchi kabisa, mahali hakuna mtu anaongea lugha yao na hakuna anayejua kaya ni nini. Gava ilidhani imemaliza.

Januari 1914 wakahepa.

Hebu fikiria. Leo ukikata tiketi ya basi Kisii usiku, ufike Nairobi, uunganishe Mombasa kisha Kilifi, utashuka mgongo umekufa. Hao wawili walitembea. Ni zaidi ya kilomita 700, Bonde la Ufa liko katikati, simba wako, polisi wako, na mmoja wao ni mwanamke ambaye ujana ulikuwa umempita zamani. Wakafika nyumbani. Stori ya kwamba mathe amerudi ikasambaa haraka kuliko wewe unavyotuma screenshot, na kile kiapo kikapata nguvu mpya.

Mkubwa wa Pwani wakati huo alikuwa Charles Hobley, na yeye alikuwa ameisoma hii mambo vizuri kuliko Champion. Aliona kwamba ukimshika Mekatilili utamshika tena na tena, na bado watu wataapa. Kitu cha kuvunja ni mahali penyewe. Alikuwa ameshaamuru kaya ifungwe, watu wasikutane pale. Agosti 1914, zile siku ambazo Uingereza ilikuwa inaingia Vita Kuu ya Kwanza na Ujerumani, askari wakapanda Kaya Fungo na baruti. Walilipua lango. Walilipua miti mikubwa. Nyumba za wazee wakazitia moto.

Simama hapo kidogo. Gava ilikuwa na bunduki, ilikuwa na jela, ilikuwa na meli. Ilikuwa imeanza vita na Wajerumani. Katikati ya hayo yote ikatoa muda na baruti kwenda kupigana na miti. Nadhani ni kwa sababu ilielewa kitu ambacho sisi tunasahau tukiona kichaka tunasema ni ploti iko idle: mahali pa wazi ambapo watu wa kawaida wanaweza kukutana bila kulipa na bila kuomba ruhusa ni nguvu. Miaka 75 baadaye Nairobi iliona kitu cha aina hiyo, Wangari Maathai alipozuia jumba la ghorofa 60 kujengwa Uhuru Park mwaka wa 1989. Mwaka wa 1999 alipigwa huko Karura akijaribu tu kupanda miti, maana msitu ulikuwa umegawiwa watu wajenge nyumba za kifahari. Tofauti ni kwamba Wangari alikuwa na waandishi wa habari na mabalozi wa kupigia simu. Mekatilili alikuwa na kifudu.

Kulipua kaya hakukutuliza mtu. Mwezi huo huo vita ikaanza. Gava ikaita jeshi la KAR, ambalo lilikuwa linahitajika kupigana na Wajerumani, ikalipeleka vijijini. Wagiriama walikuwa na mishale. Unajua hiyo hesabu inaenda wapi. Zaidi ya watu 150 wakauawa, nyumba kwa maelfu zikachomwa, mbuzi zikabebwa. Mekatilili na Wanje wakashikwa tena na kurudishwa uhamishoni. Kisha bili ikaletwa: faini ya rupia 100,000, wanaume 1,000 wa kubeba mizigo ya vita, na kila Mgiriama aliye kaskazini ya Sabaki avuke arudi kusini.

Ukiishia hapo utasema walipoteza. Wengi huishia hapo.

Lakini angalia kilichofuata. Watu walipobanwa kusini kwa ardhi isiyo na rutuba, njaa ikaingia. Mashamba ya wazungu nayo hayakutoboa. Ardhi ya kaskazini ikakaa bure, gava haikosi kodi tu, inakosa hata mahindi ya kula. Kabla muongo uishe ikarudi nyuma yenyewe: Wagiriama wakaruhusiwa kuvuka Sabaki tena. Mwaka wa 1919 Mekatilili na Wanje wakaachiliwa. Kaya ikafunguliwa, Wanje akaongoza baraza la wanaume na mathe akaongoza la wanawake. Yule mwanamke waliyemfukuza hadi Kisii, sasa wakawa wanahitaji neno lake ndio mambo yaende.

Alifariki mwaka wa 1924 na akazikwa Bungale, Magarini. Fungua ramani utafute Magarini iko wapi. Iko kaskazini ya Sabaki.

Malindi mjini walimjengea sanamu, ikazinduliwa 20 Oktoba 2010, Mashujaa Day ya kwanza, na ile bustani ya Uhuru Gardens ikapewa jina lake. Kila Agosti Wagiriama wanavaa hando na kupiga ngoma kumkumbuka. Picha huwa kali, utaziona.

Makaya nayo yamepata karatasi. Kuanzia 1992 gava imekuwa ikiyatangaza kuwa turathi za kitaifa chini ya Makavazi ya Kitaifa, na 2008 UNESCO ikaweka kadhaa kwenye orodha ya urithi wa dunia, Kaya Fungo ikiwemo. Usidhani karatasi imemaliza maneno. Kaya iliyo ndani, Kaloleni, inamegwa na wakata miti na walimaji mmoja mmoja. Iliyo karibu na bahari ina bahati mbaya zaidi, kwa sababu ina mandhari, na mandhari yana bei. Kisiwa cha Chale huko Kwale ni kaya ya Wadigo, na sehemu yake ilijengwa hoteli miaka ya 1990 wazee wakilia. Kwa hivyo ukiskia wakazi wa Uyombo, hapa hapa Kilifi, walitoka barabarani 2024 kukataa kinu cha nyuklia kando ya bahari yao, usiwaite watu wa kupinga maendeleo. Wameona hii sinema zamani.

Na kuna silaha ambazo mathe hakuwa nazo. Mradi mkubwa hauruhusiwi kuanza bila ripoti ya mazingira kupelekwa NEMA, na hiyo ripoti lazima itangazwe ili wananchi watoe maoni. Tangazo hutoka gazetini kwa maandishi madogo, upande ambao wewe hufungui. Kuna pia sheria ya ardhi ya jamii ya 2016, inayoruhusu jamii kusajili ardhi yake kwa jina la pamoja. Bila usajili huo, ardhi ya jamii inabaki mikononi mwa kaunti, na ndipo mchezo huanzia.

Silaha hizo zimewahi kufanya kazi karibu sana na kaburi lake. Bungale iko pande za Dakatcha, msitu mkavu wa Magarini wenye ndege ambao hawapatikani sehemu nyingi duniani. Karibu 2009 kampuni moja ilikuja na mpango wa kufyeka huko na kupanda jatropha ya kutengeneza mafuta, hekta 50,000. Wakazi na watu wa mazingira wakaukataa, wakaandika, wakapeleka maneno hadi Ulaya ambako hayo mafuta yangeuzwa. NEMA haikutoa ruhusa, mradi ukafa. Miti ikabaki, na sai kinachoila polepole ni mashamba ya mananasi na makaa, yale magunia unayaona yamepangwa kando ya barabara ukipita Magarini.